Nusu ya Diski Yako Iko Wapi?

Umetengeneza mashine pepe kwa laptopu yako ya ex-UK, ukaipa diski ya GB 40, ukaweka Ubuntu Server, ukabonyeza enter, enter, enter mpaka mwisho. Sasa uko ndani. Unaandika `df -h` kuangalia nafasi, na ile `/` inakuambia una GB 19. Manze! Zingine ziko wapi? Wasee wengi wakifika hapo huanza kulaumu VirtualBox. Wengine wanafuta kila kitu na kurudia, na wakirudia wanapata 19 ileile.

Hakuna aliyekuibia. Kisakinishi cha Ubuntu Server kikikosa maagizo yako kinagawa diski kwa kanuni yake chenyewe. Kinatenga GB 2 hivi za `/boot`, kinachobaki kinakiweka chini ya LVM, halafu kinaangalia ukubwa. Nafasi ikiwa chini ya GB 10, `/` inachukua yote. Kati ya 10 na 20, inapewa 10. Kati ya 20 na 200, inapewa nusu. Ikizidi 200 inapewa 100, basi. Ile nusu nyingine iko palepale ndani ya diski, imekaa bila jina, inakungoja uje uipe kazi.

Hakuna mtu anayeandika kanuni kama hiyo kwa ubaya. Ina sababu yake na nitaifikia. Lakini nikianza kuchimba hiyo sababu nilijikuta miaka ya 1960, kwa mashine ambazo leo ziko makumbusho, na nikagundua kwamba karibu kila mstari kwenye ramani ya diski ya Linux una hadithi ya aina hiyo. Kuna mtu alikuwa na shida, mwaka fulani, na chuma fulani. Akaitatua. Chuma kikafa, shida ikafa, mstari ukabaki. Na siku hizi hatuweki Linux kwa mkono. Tunaandika faili moja ya maagizo, mashine hamsini zinaisoma na kutii usiku tukiwa tumelala. Mstari wa zamani ukiingia hapo, unaingia mara hamsini.

Kwanza tuelewane patisheni ni nini. Diski ni safu ndefu ya vyumba vidogo vinavyoitwa sekta, vyenye namba kuanzia 0 mpaka mwisho. Patisheni ni hati ya shamba inayosema kuanzia sekta hii mpaka ile ni ya fulani. Hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna karatasi tu mwanzoni mwa diski, na kila mtu anakubali kuiheshimu. Ukichoma karatasi, shamba bado lipo, ila hakuna anayejua bikoni zilikuwa wapi.

Watu hudhani mashine pepe ni kitu cha juzi. Zi. Miaka ya 1960, kule Cambridge, Massachusetts, kituo kimoja cha IBM kilikuwa na kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy. Walijenga mfumo uliokuja kuitwa CP-67, wa kompyuta ya System/360 Model 67. Kila mtumiaji aliona ana kompyuta nzima peke yake, kumbe wako wengi ndani ya chuma kimoja. Kwa upande wa diski kulikuwa na tatizo la wazi: diski zilikuwa kubwa kama friji na ghali kupita kiasi, haungeweza kumpa kila mtu yake. Kwa hivyo waliikata diski moja halisi vipande vya silinda zinazofuatana, na kila kipande wakakiita minidiski. Mashine pepe ikiangalia minidiski yake inaona diski kamili inayoanza silinda namba 0. Haijui kuna majirani. IBM ilitangaza VM/370 mwaka 1972, na minidiski zikaendelea nayo.

Hiyo ishike vizuri, kwa sababu ndiyo ninayoisimamia leo. Kwa wale wa kwanza kabisa kutengeneza mashine pepe, kazi ya kugawa ilifanywa nje, na mwenye ploti. Mpangaji aliyeko ndani alipewa chumba chake na hakuwa na haja ya kujenga kuta zingine humo ndani.

Sisi hatukurithi kutoka kwao. Tulirithi kutoka New Jersey.

Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie. Unix ilianza 1969 kwa mashine ndogo ya PDP-7, kisha ikahamia PDP-11. Mwaka 1974 hao wawili walichapisha makala kuhusu mfumo wao, na humo wakaeleza vyombo walivyokuwa navyo: diski moja ya kasi yenye MB 1, iliyobeba mafaili na pia kazi ya kubadilishana kumbukumbu, diski nne za katriji zenye MB 2.5 kila moja, na nyingine moja ya MB 40. Soma tena hizo namba. Picha moja ya simu yako huenda isitoshee kwenye katriji ya MB 2.5. Na hapo ndipo mfumo mzima ulikaa, pamoja na kazi za watumiaji wote.

Sasa folda ya `/usr`. Kabla sijaacha chuo, mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba hicho ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya rasilimali za mfumo wa Unix, tukaandika, tukakariri, tukajibu mtihani. Maelezo hayo yalitungwa baadaye. Mwanzo `/usr` ilikuwa ya watumiaji, kama jina lenyewe linavyosikika. Folda ya Ken ilikuwa humo, ya Dennis ilikuwa humo. Diski ya mfumo ilipojaa, programu zilizokosa nafasi zilihamishiwa kwenye diski ya watumiaji, na ndiyo maana kukawa na `/bin` upande mmoja na `/usr/bin` upande wa pili. Programu ambazo mashine ilizihitaji ili iwake zilibaki diski ya kwanza, kwa sababu diski ya pili ilikuwa bado haijaunganishwa wakati huo. Sababu ilikuwa nafasi. Hakukuwa na falsafa.

Falsafa ilikuja baadaye, na ilikuja kwa wingi. Watu waliandika kurasa na kurasa kueleza kwa nini ni busara `/usr` iwe na patisheni yake. Fedora ndiyo ilichoka, na toleo lake la 17 la mwaka 2012 likaunganisha hizo folda, `/bin` ikabaki kuwa mshale tu wa kuelekeza `/usr/bin`. Debian ilifika hapo kikamilifu na toleo la 12, mwaka 2023. Hesabu mwenyewe: uamuzi uliofanywa kwa sababu diski imejaa ulidumu zaidi ya miaka 40. Na bado ukitafuta faili za mfano za usakinishaji unakuta mtu ametenga `/usr` kivyake, GB 10, kwenye mashine pepe yenye diski moja.

Swapu nayo imetoka hukohuko. Kumbukumbu ikijaa, mfumo unaandika sehemu yake kwenye diski, na diski ya kasi ilitengewa kazi hiyo. Baadaye ikazaliwa kanuni ya kwamba swapu iwe mara mbili ya RAM. Kwa mashine yenye MB 64 za RAM hiyo ni sawa. Kwa seva yenye GB 64, unatenga GB 128 za diski kwa heshima ya mazoea. Ubuntu iliacha patisheni ya swapu tangu toleo la 17.04 na kutumia faili ya kawaida, ambayo unaweza kuiongeza au kuifuta bila kugusa mipaka ya diski. Kwa nini wengi bado wanaandika `part swap`? Kwa sababu faili waliyokopi ilikuwa nayo.

Halafu ikaja kompyuta ndogo, na hapa ndipo mambo yalichafuka.

Machi 1983 IBM ilitoa PC XT, yenye diski ngumu ya MB 10. Ilikuja na DOS 2.0, na ndani yake programu ya FDISK. Karatasi ya mipaka iliwekwa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta ni baiti 512. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuwasha mashine, baiti 2 za mwisho ni muhuri, zinabaki 64. Kila patisheni inaandikwa kwa baiti 16. 64 gawanya kwa 16 ni 4. Hiyo ndiyo sababu miaka yote hiyo diski ya PC iliweza kuwa na patisheni nne tu. Ukubwa nao uliandikwa kwa namba ya biti 32 ya sekta, na ukizidisha na 512 unafika TB 2 hivi. Kwa mtu mwenye diski ya MB 10 hiyo ilikuwa zaidi ya mara laki mbili ya alichokuwa nacho. Simlaumu.

Nne hazikutosha, kwa hivyo ikabuniwa mbinu: patisheni moja kati ya hizo nne inageuzwa kuwa gunia, na ndani ya gunia unaweka zingine. Namba 1 mpaka 4 ziliachiwa zile za asili, za ndani ya gunia zikaanza 5. Kama umewahi kufungua mashine ya zamani ya Debian ukakuta `sda1`, `sda2`, halafu `sda5`, ukajiuliza 3 na 4 zilikufa lini, hazikuwahi kuzaliwa. `sda1` ni mfumo, `sda2` ni gunia, `sda5` ni swapu ndani ya gunia.

Hii si trivia, na mtu wa mashine pepe anaijua kwa machungu. Umeishiwa nafasi. Kwa mashine pepe, kuongeza diski ni kubonyeza tu: ilikuwa GB 20, sasa ni 40. Unaingia ndani, unataka `sda1` ikue, haikui. Mbona? Kwa sababu nafasi mpya iko mwisho wa diski, na kati yake na `sda1` kuna gunia lenye swapu ya GB 1. Shamba lako limepakana na jirani, na shamba jipya liko ng'ambo yake. Lazima uzime swapu, ufute `sda5`, ufute `sda2`, ukuze `sda1`, urudishe swapu, urekebishe `/etc/fstab`. Ukiwa na mashine moja, ni dakika kumi za jasho. Ukiwa na hamsini zilizozaliwa na faili moja, umepoteza wikendi.

`/boot` nayo ina hadithi yake. BIOS za zamani zilitaja mahali kwenye diski kwa silinda, kichwa na sekta, na kwa silinda walikuwa na biti 10, yaani 1024. Pamoja na vikwazo vya diski zenyewe, 1024 mara vichwa 16 mara sekta 63 mara baiti 512, unapata MB 528. Diski zilipopita hapo miaka ya 1990, LILO, iliyokuwa programu ya kuwasha Linux wakati huo, ilishindwa kuisoma kerneli kama iko ng'ambo ya silinda ya 1024. Dawa ilikuwa kutenga patisheni ndogo mwanzoni kabisa mwa diski na kufungia kerneli humo. Ile silinda ya 1024 haimsumbui mtu tena. `/boot` bado ina kazi ukiwa umefunga diski yako kwa nywila, kwa sababu lazima kitu fulani kisomeke kabla nywila haijaulizwa. Nje ya hapo, kwa mashine pepe ya kawaida, ni urithi. Ubaya wake ni kwamba ukiipa MB 200 kama faili za zamani, kerneli mbili tatu zikiingia imejaa, na sasisho linalofuata linakwama katikati.

Kuna na namba 63. Safu moja ya diski ilihesabiwa sekta 63, kwa hivyo patisheni ya kwanza ilianza sekta namba 63. Haikumsumbua mtu mpaka vyombo vya kuhifadhi vikaanza kufanya kazi kwa vipande vya KB 4, yaani sekta nane nane. 63 haigawanyiki kwa 8. Kila mfumo wa ndani ukiandika kipande kimoja cha KB 4, unagusa vipande viwili chini yake. Kwa laptopu moja hauhisi sana. Lakini weka mashine pepe mia kwenye hifadhi moja, zote zimezaliwa na kiolezo kimoja, zote zimekaa upande vilevile, na kila moja inalipisha hifadhi kazi ya ziada. Watu walinunua diski zaidi wakidhani ni mzigo, kumbe ni mpaka umepimwa vibaya. Leo vifaa vya kugawa huanzia sekta 2048, yaani MB 1 kamili, na Windows Vista ya 2007 ilikuwa kati ya mifumo iliyoanza hivyo. Ukiona `63` kwenye faili yoyote ya maagizo, kimbia nayo.

Sasa ile nusu iliyopotea. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliandika LVM ya Linux, akifuata muundo wa ile ya HP-UX. Wazo lake lilikuwa kuacha kupima mashamba. Chukua diski zote, zikusanye ziwe bwawa moja, kisha chota kiasi unachotaka kwa kila kazi. Ukiishiwa, chota zaidi, mashine ikiwa inafanya kazi. Ukitaka kupiga picha ya hali ya diski kabla ya kujaribu kitu hatari, picha hiyo inahitaji maji yaliyobaki bwawani. Na kupunguza ni mateso: ext4 lazima uitoe kazini kwanza, XFS ndiyo kwa kawaida haipunguzwi kabisa. Kukua ni rahisi, kupungua ni noma. Kwa hivyo kisakinishi kinakuachia akiba. Kwa seva ya chuma iliyoko kwenye raki, ambayo kumwongezea diski lazima mtu aende na bisibisi, hiyo ni busara tupu.

Ila mashine pepe haihitaji bisibisi. Akiba yake iko nje, kwa mwenye ploti, na hata picha ya hali ya diski inaweza kupigwa nje. Kwa hivyo kwa faili ya otomatiki ya Ubuntu, sema unachotaka:

```
storage:
  layout:
    name: lvm
    sizing-policy: all
```

Au andika `name: direct` uiache LVM kabisa. Kama tayari umeshaweka, ni amri mbili, `lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv` kisha `resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`, bila hata kuzima mashine.

Usakinishaji wa otomatiki wenyewe ulizaliwa na uchovu. Sun ilikuwa na JumpStart kwa mashine zake za Solaris. Red Hat ikaja na Kickstart miaka ya 1990. Kule Ujerumani, Chuo Kikuu cha Cologne, Thomas Lange alianza FAI mwaka 1999 kwa ajili ya Debian. SUSE wana AutoYaST. Debian wenyewe wakaleta preseed na kisakinishi chao kipya cha 2005. Wote walitaka kitu kimoja: majibu ya maswali yote ya kisakinishi yaandikwe kabla, ili asihitajike mtu.

Na hapo ndipo hatari iko. Ukiweka kwa mkono, kisakinishi kinakuonyesha diski na kukuuliza kama una uhakika. Hilo swali limeokoa data ya watu wengi. Faili ya otomatiki inaanza kwa kulijibu:

```
zerombr
clearpart --all --initlabel
```

Hii ni Kickstart. `--all` haimaanishi diski ya kwanza. Inamaanisha zote ambazo kisakinishi kinaziona. Fikiria mashine pepe yenye diski mbili, moja ya mfumo na moja yenye rekodi za wateja wa biashara ya mtu. Mfumo umeharibika, unaamua kuuzaa upya kwa faili ileile iliyouzaa. Hauulizwi. Ramani za diski zote mbili zinafutwa, na unaanza kutafuta bakapu ambayo labda haipo. Kinga ni mstari mmoja, `ignoredisk --only-use=vda`, na nashangaa ni mifano mingapi inauacha nje.

Kwa nini `vda` na si `sda`? Diski za IDE ziliitwa `hda`. Za SCSI ziliitwa `sda`, na baadaye hata zile za kawaida zikaingia jina hilo. KVM iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2007, na virtio ikafuata, njia ya mashine pepe kukubali kwamba ni pepe na kuongea na mwenye ploti moja kwa moja badala ya kujifanya ina chuma. Diski za virtio zikaitwa `vda`. Za Xen ni `xvda`. Chukua faili ya preseed iliyoandikwa kwa seva ya chuma, yenye `/dev/sda`, uipeleke kwenye KVM: kisakinishi kinatafuta diski ambayo haipo, kinasimama na kuuliza swali, na hakuna mtu wa kulijibu. Asubuhi unakuta mashine hamsini zimesimama pamoja.

Preseed ina jambo lingine ambalo limewatoa watu jasho kwa miaka. Kila patisheni inapewa namba tatu: kiwango cha chini, kipaumbele, kiwango cha juu, zote kwa MB. Watu husoma kipaumbele kama foleni, kwamba mwenye namba ndogo anahudumiwa kwanza. Sivyo. Kisakinishi kinachukua kipaumbele, kinatoa kiwango cha chini, na tofauti hiyo ndiyo uzito wa kugawana kilichobaki. Tuseme diski ina MB 40,000. `/` ina 4000 na 6000, uzito 2000. `/home` ina 1000 na 9000, uzito 8000. Wote hawana kikomo cha juu. Viwango vya chini vikitolewa zinabaki 35,000. `/` inapata mbili ya kumi, 7000, jumla 11,000. `/home` inapata 28,000, jumla 29,000. Sasa fikiria ni seva ya tovuti, ambapo hakuna mtu anayeweka kitu `/home`, na kila kitu kinaandikwa `/var` iliyo ndani ya `/`. Siku `/` itajaa, kutakuwa na GB 29 tupu pembeni zikiangalia. Huo mgawanyo ulikuwa mzuri kwa maabara ya chuo yenye wanafunzi mia.

Mawingu yaliruka hii ligwaride lote. Amazon ilipofungua EC2 mwaka 2006, hakukuwa na haja ya kusakinisha. Unachukua diski iliyo tayari, unaikopi, inawaka, na cloud-init inaikuza ijaze nafasi mara ya kwanza inapoamka. Angalia picha za wingu za Ubuntu za mashine za kawaida: `vda1` ndiyo mfumo, halafu kuna `vda14` na `vda15`, ndogo sana, za kuwashia. Kwa namba zinaonekana ziko mwisho, ila kwenye diski zimekaa mwanzo. Mfumo ndio uliowekwa nyuma kabisa, usiwe na jirani upande wa pili, ili ukue bila kumwomba mtu ruhusa. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza kwenye hadithi hii niliyoiona ikichorwa na mtu aliyekuwa anafikiria mashine pepe.

Kwa hivyo mimi nikiandika faili ya mashine pepe, naigiza IBM ya 1967. Kugawa ni kazi ya nje. Diski ya kwanza ni ya mfumo: kipande kidogo cha kuwashia, na `/` mwisho kabisa, inachukua kilichobaki. Swapu ni faili. Hakuna `/home`, hakuna `/usr`. Data inapewa diski yake ya pili, nzima, ambayo faili ya usakinishaji haina ruhusa ya kuigusa. Ikijaa, naikuza nje, kisha naambia mfumo wa ndani ukue nayo, na hakuna bikoni ya kusogeza.

Kuna patisheni moja ya zamani ninayoitetea, `/var`, na dada yake `/tmp`. Programu ikichizi usiku ikaandika kumbukumbu za makosa bila kukoma, itajaza `/var` peke yake, na wewe bado utaweza kuingia na kuizima. Wakaguzi wa usalama wanaofuata mwongozo wa CIS wanaidai pia. Lakini hata hiyo naipa diski yake pepe badala ya kuikatia kipande ndani ya ile ya kwanza.

Wapo wasee wanaopinga hii ya kuweka data kwenye diski isiyo na karatasi ya mipaka, na wana hoja. Diski isiyo na karatasi, programu nyingine ikiiangalia inaweza kudhani ni tupu na kujitolea kukuandalia. Mimi naipa jina wakati wa kuitayarisha, `mkfs.ext4 -L data /dev/vdb`, na kwenye `/etc/fstab` naandika `LABEL=data` pamoja na `nofail`, kwa sababu diski iliyokuwa `vdb` leo, ukiongeza nyingine kesho inaweza kuamka ikiitwa `vdc`. Kama mko timu kubwa na watu wengi wanagusa hizo mashine, wekeni karatasi, patisheni moja tu inayoanzia sekta 2048 mpaka mwisho. Inagharimu MB 1, na siku ya kuikuza mtaongeza amri moja, `growpart /dev/vdb 1`.